Mkojo ukienda kasi, figo zinasafishika au zinachoka?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 38, niko saiti upande wa Mtumba hapa Dodoma. Baba yangu ana miaka 67, anaishi Kongwa. Ana presha na aliambiwa moyo umetanuka. Anatumia Lasix asubuhi na mchana, pamoja na dawa nyingine ya presha ambayo jina lake silikumbuki. Akimeza Lasix anakojoa sana, miguu imepungua kuvimba na usiku analala bila kukosa pumzi. Lakini mwezi huu miguu imekuwa haina nguvu, vigimbi vinambana usiku, na anasema moyo unarukaruka. Tulimpeleka hospitali, wakapima damu wakasema potasiamu ni 2.9, wakampa vidonge vya potasiamu vya wiki mbili. Ndugu wanasema hizi dawa za kukojoa zinachosha figo, aziache, badala yake anywe maji mengi yamsafishe. Magoti yakimuuma humeza diklofenaki. Na mimi mwenyewe jua likiwa kali nakojoa mara moja tangu asubuhi hadi jioni, mkojo una rangi ya chai kavu. Wenzangu wananiambia ninywe lita tano kila siku niflashi figo. Swali langu: maji yakipita kwa kasi ndani ya figo yanazisafisha au yanazichosha? Na potasiamu ya mzee inakwenda wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Yapo mambo ambayo hayangoji mwisho wa maelezo, acha niyatangulize. Mzee asiache Lasix kwa ushauri wa nyumbani. Diklofenaki aiache leo hii. Na hiyo dalili ya moyo kurukaruka, kwa mtu mwenye moyo uliotanuka na potasiamu ya 2.9, si ya kusubiri wiki mbili za vidonge ziishe. Potasiamu ni madini ambayo moyo na misuli huyahitaji ili kufanya kazi; kiwango chake cha kawaida kwenye damu ni kuanzia 3.5 hadi 5 hivi, na moyo mgonjwa huvumilia upungufu kwa shida kuliko moyo mzima. Kesho arudi hospitali apimwe damu tena na apimwe umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Akizimia, akishindwa kuinuka kitini, au moyo ukienda mbio bila kutulia, usisubiri kesho, mpeleke usiku huohuo.

Sasa tuje kwenye swali lako, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani. Wanaosema figo zinahitaji kuoshwa na wanaosema figo zinachoshwa na mkojo mwingi wanabishana, lakini wamesimama mahali pamoja. Wote wanaiona figo kama mahali ambapo maji yanapita tu. Ukweli ni kwamba seli zinazozunguka njia ya mkojo ndani ya figo zinauhisi mkondo unaopita juu yake na zinabadilisha kazi zake kulingana na kasi ya mkondo huo. Ukilielewa hilo, la mzee linaeleweka, na la lita tano linaeleweka.

Tuanze na hesabu. Figo zako mbili hupitisha damu zaidi ya lita moja kila dakika. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kwa pamoja vichujio hivyo huchuja umajimaji wa lita 180 hivi kwa siku. Kwa hesabu ya saiti hayo ni madumu tisa ya lita 20. Wewe hukojoi madumu tisa. Unakojoa lita moja na nusu, labda mbili. Kilichobaki chote kimerudishwa kwenye damu, na kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na mirija. Kila kichujio kina mrija wake, mwembamba kuliko unywele wa kichwa, wenye urefu wa sentimita chache, na ukuta wake ni safu moja tu ya seli. Sehemu ya kwanza ya mrija peke yake hurudisha theluthi mbili, yaani madumu sita kati ya tisa, pamoja na sukari yote, chumvi nyingi na vitu vingine ambavyo mwili hauko tayari kuvipoteza.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme leo uchujaji umepanda kwa asilimia kumi tu, jambo ambalo hutokea bila wewe kujua. Hizo ni lita 18 za ziada. Kama mirija ingeendelea kufyonza kiasi kilekile cha jana, lita hizo zote zingetoka kwenye mkojo na ungekuwa mahututi kabla jua halijazama. Haitokei hivyo, kwa sababu uchujaji ukipanda, sehemu ya kwanza ya mrija nayo huongeza kufyonza, karibu kwa uwiano uleule. Uchujaji ukishuka, nayo hupunguza. Wataalamu wa figo waliliona hilo miaka mingi kabla ya kujua seli hizo zinaambiwa na nani.

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba zinaambiwa na mkondo wenyewe. Seli za sehemu ya kwanza, upande unaoelekea ndani ya mrija, zimeota vijinywele vingi sana vilivyobanana. Vitabu huvisifia kwa kuongeza eneo la kufyonzea, na ni kweli, lakini vina kazi ya pili. Bila shaka umewahi kuona nyasi za kwenye korongo mvua ya Januari ikishusha maji: maji yakija mengi nyasi zinalala, na kinachovutika ni mzizi ulioko udongoni. Ndivyo vijinywele hivi vinavyosukumwa na umajimaji. Msukumo huo unafika kwenye nyuzi zilizo ndani ya seli, na nyuzi zikivutika, seli huleta juu mitambo zaidi ya kufyonza sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na maji hufuata sodiamu.

Hili si la kubuni mezani. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha majaribio ya mirija ya figo za panya, iliyotolewa na kupitishiwa umajimaji kwa kasi tofauti. Kasi ilipopanda, seli zilifyonza zaidi. Umajimaji ulipofanywa mzito zaidi ili usukume vijinywele kwa nguvu kubwa zaidi, ufyonzaji ulipanda pia. Na nyuzi za ndani zilipovurugwa kwa dawa, seli ziliacha kuitikia mkondo. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba seli haikuwa inapokea maji mengi tu, ilikuwa inapokea msukumo na kuujibu. Mwaka 2014 kundi jingine lilionyesha kwamba mkondo ukiongezeka, seli za aina hiyo pia huongeza kumeza protini zilizopenya kwenye kichujio, zisipotee kwenye mkojo. Ndiyo maana wanaofuga seli za figo maabara wanahangaika kuzipitishia umajimaji: zikikaa kwenye maji yaliyotuama hupoteza sehemu ya uwezo wake.

Upo pia unywele mwingine, mrefu kidogo, mmoja mmoja juu ya seli nyingi za mrija. Mtaalamu wa anatomia Karl Zimmermann aliueleza tangu 1898, kisha ukakaa karibu karne nzima bila kupewa heshima. Mwaka 2001 watafiti Helle Praetorius na Kenneth Spring waliupinda unywele huo kwenye seli zilizofugwa, kalsiamu ikapanda ndani ya seli. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba protini mbili zinazoharibika kwenye ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji zinahusika na mwitikio huo. Ilionekana kama kitendawili kimeteguliwa, kwamba seli isiyohisi mkondo ndiyo inayogeuka kuwa kifuko. Lakini mwaka 2016 watafiti wengine walipima kalsiamu ndani ya unywele wenyewe, wakasema hawaioni ikipanda unapopindwa. Mjadala haujafungwa. Kwa hiyo nitakuambia kwa uhakika kwamba seli za mrija zinahisi mkondo. Kwamba kila kitu kinapitia kwenye unywele huo, hapo sitaapa.

Sasa twende kwa mzee.

Baada ya sehemu ya kwanza, mrija unashuka chini ndani ya figo, unakunja kona na kupanda. Kwenye upande wa kupanda kuna seli zinazorudisha karibu robo ya chumvi iliyochujwa. Lasix inazishika seli hizo hapo hapo, inazizuia kuchukua chumvi. Chumvi ikibaki ndani ya mrija, maji nayo yanabaki, na kwa saa sita hivi baada ya kumeza kidonge mzee anakwenda chooni mara kwa mara. Maji yaliyokuwa yamejaa miguuni na kwenye mapafu yanapata njia ya kutoka. Ndiyo sababu sasa analala bila kukosa pumzi. Naomba ndugu wanaomshauri aache wakumbuke usiku wa nyuma ulivyokuwa, maana atakayeacha ghafla ataurudia.

Lakini ile chumvi iliyoachwa haijaishia hapo. Inakwenda mbele, nyingi na kwa mkondo mkali, hadi sehemu ya mwisho ya mrija, ambako seli zake zimezoea mkondo wa taratibu. Huko yanatokea matatu kwa mpigo. Kwanza, seli hizo huchukua sodiamu na badala yake huachia potasiamu ndani ya mrija, na sodiamu ikija nyingi, potasiamu nayo hutoka nyingi. Pili, mkondo mkali unaiondoa potasiamu mara inapotoka, kwa hiyo haijikusanyi nje ya seli kiasi cha kuzuia nyingine kutoka. Tatu, na hili ndilo jibu hasa la swali lako, mkondo wenyewe unazigusa seli. Kalsiamu inapanda ndani yake na kufungua milango mikubwa ya potasiamu, ambayo mkondo ukiwa mdogo huwa imefungwa. Majaribio ya mirija ya sungura na panya yameonyesha hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini sasa.

Ongeza na jambo moja: mtu mwenye moyo dhaifu anayetumia Lasix huwa na homoni ya aldosteroni juu, na homoni hiyo inaziamuru seli zilezile za mwisho zishike sodiamu na kuachia potasiamu. Potasiamu ya mzee inakwenda chooni, ndugu yangu. Inatoka na mkojo kwa sababu seli zake zinafanya kile ambacho mkondo na homoni zinaziambia zifanye.

Je, hapo figo zimechoka? Hapana. Figo hutumia oksijeni nyingi, na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo huliwa na kazi ya kurudisha sodiamu. Zile seli zilizoshikwa na Lasix kazi yake imepungua. Zilizo mbele yake kazi imeongezeka, na kwa wanyama waliopewa dawa za aina hii kwa muda mrefu seli hizo hunenepa na kupata nguvu zaidi ya kunyakua chumvi, ndiyo maana kwa wagonjwa wengine dawa inaonekana kama imezoeleka. Madhara ya Lasix kwa figo yapo, ila yanakuja kwa njia nyingine. Mtu akikaushwa kupita kiasi, damu inayofika kwenye figo inapungua na kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kujua kazi ya figo, inapanda. Hilo hupimwa na kurekebishwa kwa kupunguza dozi. Siyo sababu ya kutupa dawa.

Kinachozitesa figo za mzee zaidi ni diklofenaki. Figo za mtu mwenye moyo dhaifu hutegemea kemikali fulani kuweka wazi mishipa inayoleta damu kwenye vichujio, na diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanaizuia kemikali hiyo isitengenezwe. Mshipa unabana, uchujaji unashuka. Dawa hizi pia hufanya mwili ushike chumvi na maji, kwa hiyo zinavuta upande mmoja huku Lasix ikivuta upande wa pili. Zikikutana na Lasix na dawa za presha kama kaptopril, enalapril au losatani kwa mpigo, nimeona watu wakiingia wodini na figo zilizosimama kwa sababu ya maumivu ya goti tu. Kwa magoti atumie parasetamo kwa kipimo sahihi, na dawa ya kupaka amuulize daktari wake kwanza.

Hapo ndipo ile dawa "ambayo jina lake silikumbuki" inapokuwa jambo kubwa. Ikiwa ni haidroklorothayazidi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tu kwenye cheti, HCT au HCTZ, nayo inamwaga potasiamu, na pamoja na Lasix zinaimwaga maradufu. Ikiwa ni enalapril au losatani, hizo huwa zinaibakiza potasiamu, na ikishuka hadi 2.9 licha ya hizo inabidi kutafuta sababu nyingine, kama kuharisha, kutapika au magnesiamu kupungua. Magnesiamu ikiwa chini, seli za mwisho za mrija hushindwa kufunga milango ya potasiamu, na unaweza kummezesha vidonge mwezi mzima kiwango kisipande. Uliza kama inaweza kupimwa.

Njia zilizopo ni kadhaa na hakuna isiyo na gharama yake. Vidonge vya potasiamu alivyopewa vinajaza pengo, lakini haviibadilishi sababu. Vinaunguza tumbo, avimeze baada ya kula, kwa maji ya kutosha na akiwa amekaa, asivitafune. Njia ambayo mimi huipendelea kwa mtu mwenye moyo uliotanuka ni kuongeza spironolaktoni, kwa sababu inaizuia aldosteroni palepale potasiamu inapopotelea, na kwa wagonjwa wengi wa moyo kushindwa kazi imeonyesha faida hata nje ya suala la potasiamu. Lakini dawa hiyo ina upande wa pili: figo zikiwa zimepungua kazi, au akiwa anatumia pia enalapril au losatani, potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi, na potasiamu ya juu inasimamisha moyo bila kubisha hodi. Kwa hiyo haianzwi bila kujua kreatinini, damu hupimwa tena kama wiki moja baadaye, na ikianzwa, vidonge vya potasiamu kwa kawaida hupunguzwa au kuachwa. Baadhi ya wanaume huvimba na kuumwa matiti. Isinunuliwe duka la dawa kwa kusoma nilichoandika hapa.

Njia ya tatu ni kupunguza dozi ya Lasix ikiwa miguu imekauka na uzito umetulia. Huenda dozi aliyoanzia ilikuwa ya kuondoa maji mengi na sasa hayapo. Mpimeni uzito kila asubuhi akishatoka chooni na kabla hajanywa chai, mkauandike daftarini. Daktari atalifurahia daftari hilo kuliko maelezo yoyote.

Na chakula. Ndizi, parachichi, maharage, viazi vitamu na mboga za majani vina potasiamu, na mzee ale kama kreatinini yake iko vizuri. Ikiwa imepanda, ushauri hubadilika kabisa, ndiyo maana nasisitiza kipimo kwanza. Ila chakula peke yake hakitamtoa kwenye 2.9 huku mkondo ukiendelea kuimwaga. La chakula ambalo watu hawaliwazii ni chumvi, na kwetu Dodoma nataja kwa jina magadi yanayotiwa kwenye mlenda na maharage. Magadi ni sodiamu. Mzee anaweza kuapa kwamba chumvi ameacha, na kila jioni bakuli la mlenda lina kijiko cha magadi ndani yake. Sodiamu hiyo inachujwa, Lasix inaizuia isirudishwe, inafika sehemu ya mwisho ya mrija na kubadilishana na potasiamu. Yaani chumvi zaidi mezani ni potasiamu zaidi chooni, na miguu inavimba palepale. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, na kwa mzee daktari anaweza kutaka pungufu ya hapo. Mlenda unaiva bila magadi. Unachelewa kulainika, lakini unaiva.

Mzee pia asinywe hayo "maji mengi". Kwa moyo wake maji ya ziada yanaweza kurudi kwenye mapafu. Anywe kiasi atakachoambiwa na daktari wake.

Na wewe je, na lita tano? Hapa kuna kosa ambalo hata wasomi wanalifanya. Watu hudhani ukinywa maji mengi, vichujio vya figo vinachuja zaidi na uchafu unasukumwa. Yale madumu tisa yanachujwa kwa siku uwe umekunywa lita moja au tatu, kwa tofauti ndogo mno. Maji unayokunywa hubadilisha hatua ya mwisho tu. Ukiwa na maji mengi mwilini, ubongo unapunguza homoni inayoziambia seli za mwisho zirudishe maji, mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Ukiwa na kiu, homoni inapanda, seli zinarudisha maji, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Taka ileile imetoka katika hali zote mbili, imeyeyushwa kwenye maji mengi au machache.

Jambo hili limejaribiwa kwa watu. Huko Ontario, Kanada, wagonjwa 631 wenye figo zilizopungua kazi kwa kiasi walifuatiliwa mwaka mzima, nusu yao wakihimizwa kuongeza maji. Matokeo yalichapishwa 2018: kuongeza maji hakukupunguza kasi ya figo kushuka. Maji yana faida ya uhakika mahali pengine, kwenye mawe ya figo. Utafiti wa Italia wa 1996 uliwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliowahi kupata jiwe. Waliokunywa hadi kukojoa lita mbili au zaidi kwa siku, jiwe lilirudi kwa asilimia 12. Wengine, asilimia 27. Hapo maji yamezuia chumvichumvi zisigandane, na ni faida kubwa.

Hata hivyo mkojo wako wa rangi ya chai kavu, mara moja tangu asubuhi hadi jioni, haunipi amani. Si kwa sababu figo hazijaoshwa. Ni kwa sababu mtu akikauka sana juani, damu inayokwenda kwenye figo inapungua, uchujaji unashuka, mkondo ndani ya mirija unafifia, na seli za ndani kabisa ya figo, ambazo siku zote huishi kwa oksijeni ya kubana, zinakosa hata hiyo kidogo. Ikitokea siku moja, zinapona. Ikijirudia miaka na miaka kwa mtu anayefanya kazi nzito, kuna sababu ya kuogopa. Katika mashamba ya miwa ya Nikaragua na El Salvador vijana wengi wamepoteza figo bila kuwa na sukari wala presha, na joto la kazi pamoja na kukauka ni kati ya sababu zinazotiliwa mkazo, ingawa wataalamu hawajakubaliana kwamba ndizo pekee.

Kwa hiyo kunywa, ila usinywe kwa kushindana na namba. Kunywa kabla hujapanda jukwaani, kisha kila unaposhuka, vikombe kadhaa badala ya lita mbili kwa mkupuo saa ya chakula. Kwa jua la Dodoma la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, fundi anaweza kufika lita tatu au nne na zote zikaishia kwenye jasho. Kipimo chako ni mkojo: uwe wa manjano hafifu, na ukojoe kila baada ya saa tatu au nne. Ukiona mweupe kama maji kutwa nzima, umepitiliza. Figo hutoa maji kwa mipaka, kama lita moja kwa saa kwa mtu mzima mwenye afya, na anayejijaza zaidi ya hapo anaweza kushusha sodiamu ya damu hadi akachanganyikiwa na kupata degedege. Kama maji ya kisima mnayochota saiti yana chumvi sana, tafuteni mengine ya kunywa. Na diklofenaki ya mgongo baada ya kutwa ya zege juani usiifanye mazoea wewe pia, kwa sababu ileile niliyoeleza kwa mzee. Mkojo ukiendelea kuwa wa rangi ya chai hata siku ulizopumzika na kunywa vizuri, ukawa mwekundu, ukatoa povu lisiloisha, au ukaumwa ubavu na kupata homa, nenda ukapimwe mkojo, kreatinini na presha.

Hukuniuliza, lakini kwa mwanaume wa miaka 67 lazima niulize mimi: mkojo wa mzee unatoka kwa nguvu, au unadondoka na kukatika? Tezi dume ikiziba njia, mkojo unarudi nyuma, shinikizo linapanda hadi ndani ya mirija na mkondo unasimama. Seli zilizoumbwa kuhisi mkondo zikivutwa hivyo kwa wiki kadhaa hubadilika, nyingine hufa na makovu huchukua nafasi yake. Lasix kwa mtu aliyeziba inamletea mateso bila nafuu. Kama anakaa zaidi ya nusu siku bila kukojoa huku amemeza dawa, au tumbo la chini limejaa na kuuma, hiyo ni dharura. Kama mkojo unadondoka tu, aombe ultrasaundi ya figo na kibofu katika safari hii hii.

Kongwa kuna hospitali ya wilaya, aanzie huko kama ndiko karibu. Wakikosa kipimo cha elektrolaiti, yaani chumvi za damu kama potasiamu na sodiamu, au cha umeme wa moyo, mlete Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina madaktari wa figo, na wanapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo ikionekana kreatinini imepanda ni huko mtakakoelekezwa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na zile za magoti na za mitishamba kama zipo, majibu ya damu ya mwanzo na daftari la uzito. Omba potasiamu, sodiamu, magnesiamu na kreatinini, kisha muulize daktari maswali matatu: dozi ya Lasix inaweza kupunguzwa, spironolaktoni inamfaa, na damu ipimwe tena tarehe ngapi. Hiyo tarehe iandikwe kwenye cheti kabla hamjaondoka.